Kilwa: likizo ya kupangwa kwa maji na upepo (uzi kwa wanaofikiria Masoko, Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje)

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mapumziko unapokaribia, wanaouliza kuhusu Kilwa, katika pwani ya kusini ya Tanzania, hupewa majibu ya aina mbili: ama kwamba kule kuna magofu tu, ama kwamba ukishavuka kisiwani na kupiga picha huna jingine la kufanya. Nimefungua uzi huu kupinga yote mawili. Kwa maoni yangu Kilwa inahitaji siku sita au saba, na siku hizo zipangwe kwa kufuata maji na upepo kabla hata ya kuulizia bei ya chumba, kwa sababu maji na upepo ndivyo vilivyoujenga mji ule, na hadi leo ndivyo vinavyoamua utafika wapi na utakula nini.

Nianze na upepo. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India yalishuka pwani yetu kwa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kurudi kwao kwa kusi kuanzia Aprili. Kilwa iko karibu na kikomo cha kusini cha safari ambayo chombo kiliweza kwenda na kurudi ndani ya mzunguko mmoja wa pepo hizo. Mfanyabiashara aliyetaka dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe, iliyoshushwa kwenye bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, alilazimika ama kuufuata mzigo huko na kukosa upepo wa kurudia, ama kuununua Kilwa kwa watu waliokwisha kuufuata kwa vyombo vyao wenyewe. Mji ulisimama kati ya mnunuzi na mzigo wake na kutoza ushuru wake, na utajiri unaouona katika mawe ya karne ya 13 na ya 14 ulitoka hapo. Mapokeo ya Kilwa yenyewe yanasema kwamba mwanzilishi wake, Ali bin al-Hasan wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Hakuna mwanahistoria anayeichukua simulizi hiyo kama hati ya mauziano, ila inaonyesha vizuri jinsi watu wa mji walivyopenda kujieleza: wanunuzi waliolipa, si wavamizi.

Sasa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufikia kati ya mita 3 na 4. Siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa muda usiofika saa nzima, hata baada ya wiki moja huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi ya saa tatu au ya nne. Asiyejua hayo atafika Songo Mnara, kisiwa cha magofu kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, wakati maji yamekwisha toka, boti ikwame nje ya mikoko, naye atembee kwenye tope na viatu mkononi huku nahodha akimhimiza awahi kurudi. Anayejua atafika ndani kabisa kwa chombo, atembee kwa utulivu na aondoke kabla maji hayajamwacha.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mmomonyoko wa bahari na kuta zilizokuwa zikianguka, na zikaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya ukarabati, ujenzi wa kingo na upandaji wa mikoko. Kisiwani ni kivuko kifupi kutoka Masoko, mji wa bara. Kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na eneo lenyewe liko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Chukua na mwongozaji anayetoka kisiwani, kwa maana pale ni kijiji chenye watu, na njia ya kwenda kwenye magofu inapita kati ya nyumba zao.

Jengo la kwanza unaloliona ukiwa bado majini ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 walipoushambulia mji chini ya Francisco de Almeida, wakaondoka mwaka 1512, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ilijengwa upya zama za Waomani. Wageni wengi hutumia muda wao mwingi hapo kwa sababu ndipo wanaposhukia. Mimi ningepita haraka na kuuelekea Msikiti Mkuu. Ukumbi wake wa kaskazini, ulio mdogo, ulianza katika karne ya 11, na ule mpana wa kusini wenye nguzo, matao na kuba uliongezwa baadaye mji ulipokuwa umetajirika. Ukisimama kwenye ukumbi wa zamani kisha ukavuka kuingia ule mpya, utaiona tofauti ya kipato kati ya vizazi bila kuhitaji maelezo ya mtu. Hapo karibu kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, ambao kwa macho yangu ndio jengo zuri kuliko yote kisiwani, na kuta za Makutani, makao ya masultani wa nyakati za baadaye.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya mwamba unaoitazama bahari. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa jina la heshima la Abu al-Mawahib, yaani "baba wa vipawa", kwa ukarimu wake. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za mapokezi, maghala ya bidhaa na birika la kuogea lenye pembe nane. Hata hivyo inaelekea haikukamilika, wala haikukaliwa kwa muda mrefu. Anayeingia humo ayatazame mawe yenyewe. Mapambo yamechongwa katika matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, kwa kuwa matumbawe huwa laini yakiwa na maji na hugeuka magumu yakikauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Na vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu dari lilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita 2 na nusu. Urefu wa mti wa ufukweni ndio uliopanga upana wa sebule ya sultani.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331, wakati wa al-Hasan huyo huyo, akaandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kuliko mingine. Wanaoinukuu sifa hiyo huacha sehemu inayofuata, ambapo anasema majengo ya mji ni ya mbao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sentensi hiyo, ila kwangu haishangazi: mawe yalikuwa ya misikiti, majumba na matajiri, na umati wa watu ulikaa katika nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha kuta za kupigia picha.

Na mezani je? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kutafuta "chakula cha kale". Muhogo, mahindi, nyanya na pilipili kali vilitoka Amerika na kufika pwani yetu baada ya Wareno, kwa hiyo al-Hasan hakuwahi kuonja muhogo wa nazi wala kachumbari ya nyanya. Taarifa ya safari ya Almeida inataja minazi, machungwa na ndimu, vitunguu, mtama, asali na tambuu. Kwa karamu ya zama zile ushahidi mzuri zaidi ni wa Ibn Battuta tena, ingawa aliuandika Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki pembeni, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Ukikaa kwenye mkeka wa shughuli yoyote ya pwani leo utakuta sinia lenye mpangilio huo huo, ila nazi imechukua nafasi ya samli na pilipili kali imeingia kwenye achari.

Kuhusu kufika: ni takribani kilomita 300 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya lami, mabasi yanapatikana Mbagala, mnavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na Nangurukuru ndipo mnapoiacha barabara ya Lindi. Epukeni Aprili na Mei. Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga na watu walikwama pande zote mbili. Juni na Julai ni miezi mikavu, lakini kusi huvuma kwa nguvu na safari ya Songo Mnara huwa ya kulowa; Septemba hadi Novemba bahari hutulia.

Naomba wenye asili ya huko waongezee, hasa upande wa mapishi.

Mpishi wa Masoko

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa kuanza na bamvua, maana ndiyo inayotulisha. Nitaongeza jikoni tu, ya magofu nawaachia wenyewe.

Mgeni akifika mgahawani na kuagiza pweza siku ya maji mafu, ataletewa pweza, lakini atakuwa wa barafu. Pweza mbichi huja siku za bamvua, maji yanapokupwa asubuhi na miamba kuwa wazi, ambapo wanawake na vijana hutoka na vijiti kumtafuta kwenye mashimo yake. Baadhi ya vijiji vya pwani yetu siku hizi hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua kwa siku zilizopangwa, na siku ya ufunguzi ufuko mzima hugeuka soko. Mkiisikia siku hiyo, ahirisheni shughuli nyingine.

Mapishi yake hayana siri, ila yana mpangilio. Pweza hupigwa kwanza mpaka alegee, akasafishwa utelezi, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, kwa sababu chumvi ikitangulia anakakamaa na ameshakuja na chumvi yake kutoka baharini. Akishaiva anakatwa vipande, anaungwa kwa kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, ndipo linapotiwa tui la pili, lile jepesi, akachemka nalo polepole. Tui la kwanza, lile zito, hutiwa mwisho kabisa, na kuanzia hapo mwiko hautoki chunguni, maana tui zito likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, likawa mafuta upande mmoja na maji upande mwingine. Ndimu ni ya mezani. Anayeikamulia chunguni pweza akiwa motoni anaharibu tui.

Samaki wa kupaka wasiwapite. Achaguliwe changu au kolekole, apasuliwe, achomwe kwenye mkaa mpaka akaribie kuiva, ndipo apakwe rojo la tui zito lenye ukwaju, pilipili na tangawizi, arudishwe jikoni apate rangi, apakwe tena. Mnaona wenyewe kwamba si jambo la dakika 10. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msiingie mgahawani saa saba mchana mkiwa na njaa na kutaka vyakula hivyo. Pitieni asubuhi mnapokwenda bandarini, semeni mnachotaka na saa ya kurudi, acheni malipo ya kununulia samaki, mkirudi kutoka Kisiwani mtakuta kimetengwa. Wengi wanaolalamika kwamba Kilwa hakuna chakula kizuri hawakuagiza mapema, wakaishia chipsi na mayai ambayo wangeyala popote.

Asubuhi tafuteni vitumbua na mkate wa kumimina. Huo ni wa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukaokwa kwa moto wa chini na mkaa juu ya kifuniko. Ule uliookwa kwa moto wa chini peke yake mtautambua kwa uso wake mweupe, na haufai. Ming'oko nayo ikiwa msimu wake muile: ni mizizi ya porini inayochemshwa, chakula cha kusini hasa, na watu wa Dar wengi hawajawahi kuiona. Ndizi mbichi za nazi, kisamvu cha nazi na muhogo mtavikuta kila mahali. Korosho nunueni kwa wanaozibangua nyumbani.

Mzazi wa Watatu

Wakuu, uzi huu umenifaa sana. Nina maswali mawili. Tunatarajia kusafiri na watoto, na pia mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua: je, Kisiwani kunawezekana kwake, au abaki Masoko? Pili, mapumziko ya shule ya wanangu mara nyingine huangukia Ramadhani. Je, ni busara kwenda mwezi huo?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, karibu.

Kisiwani mama anaweza kwenda, mkimpangia vizuri. Kushuka kwenye boti ndiyo kazi kubwa kuliko kutembea, hivyo chagueni saa ambayo maji yamejaa ili boti ifike karibu, na mwambieni nahodha mapema kwamba mna mtu mzima. Gereza, Makutani na Msikiti Mkuu havikai mbali sana kimoja na kingine, ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mibuyu inatoa kivuli cha kupumzikia. Husuni Kubwa ndiyo ya kufikiria mara mbili: ni mwendo wa mguu kwenye jua, na ukifika pana mapando na mawe yaliyolegea. Inawezekana familia ikagawanyika, mama akakaa kijijini kwa mwenyeji wa mwongozaji na kupata madafu, nanyi mkaenda na watoto wakubwa. Songo Mnara nisingempeleka. Ni safari ndefu zaidi ya boti, na hata maji yakiwa mazuri kuna kulowa.

Kwa watoto, waambieni watafute vipande vya vyungu na kaure ardhini, wavitazame na kuviacha palipo. Kaure ya China iliyofika Kilwa ilikuwa nyingi kiasi kwamba vipande vyake bado huonekana mvua ikiosha udongo, na kwa mtoto kugundua kwamba sahani ilisafiri kutoka China kabla ya Wareno kuijua bahari hii ni somo linaloingia kuliko la darasani. Kuokota na kuondoka nayo hairuhusiwi kisheria. Wakipenda sarafu, waelezeni kwamba masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba, ambazo maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, na kwamba chache kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko imezua nadharia nyingi, nyingine za kuchekesha.

Kuhusu Ramadhani, sikukatazi, lakini ujue utakachokikuta. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani mbele ya waliofunga si adabu hata kama hakuna atakayekukemea. Jioni, kwa upande mwingine, ndiyo saa nzuri ya kula pwani kuliko zote za mwaka: futari ya mihogo na ndizi za nazi, tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga, vitumbua vinavyotoka motoni. Watoto wadogo mbebeeni chakula cha mchana na wale chumbani. Kwa mavazi, miezi yote ni ile ile, nguo ya heshima kijijini. Za kuogelea ni za ufukwe wa Jimbizi pale Masoko.

Mjukuu wa Kivinje

Ndugu zangu, nimesoma uzi huu kwa furaha na kwa masikitiko kidogo, kwa sababu Kivinje imetajwa kwenye kichwa cha habari kisha ikasahauliwa. Mkifika Nangurukuru mkakimbilia Masoko, mnaipita Kilwa ambayo babu na bibi zetu waliijua. Kisiwani palishapungua nguvu. Katika karne ya 19 mji wa biashara ulikuwa Kivinje, huku bara, na Masoko ni makao makuu ya wilaya yaliyokua baadaye.

Lazima isemwe Kivinje ilitajirika kwa nini. Ilitajirika kwa pembe za ndovu na kwa watu. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilimalizikia hapa, na wale waliofika wakiwa hai walipakiwa kwenda Unguja na kwingineko. Hata kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Na mwanzisha uzi atanisamehe, hata ile sifa ya Abu al-Mawahib ina jambo hili ndani yake. Ibn Battuta anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, Sultani akampa. Mwana wa Sultani akazikomboa kwa watumwa 10, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe. Waongozaji husimulia ukarimu huo kwa tabasamu. Ningependa mgeni ajiulize kuhusu wale 20.

Mjini kwenyewe mtaona nyumba za maduka zenye milango ya nakshi na baraza, nyingine zikiwa zimesimama na nyingine zimebaki ukuta wa mbele, na boma la Wajerumani linaloitazama bahari likiendelea kuchakaa. Mtaonyeshwa pia mahali pa Mwembe Kinyonga, palipokuwa na mwembe wa kunyongea watu. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha, alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Miaka 10 baadaye vita vya Maji Maji vilianzia katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya pwani hii, pale wananchi wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Mwenye gari na siku ya ziada anaweza kwenda Nandete, ambako kuna mnara wa kumbukumbu.

Kivinje haina hoteli za kujivunia, wala sidai mlale. Njooni jioni samaki wanaposhushwa, mnunue kwa wavuvi wenyewe, mkae barazani na wazee kwa kahawa na kashata. Wazee wa hapa wanazungumza na mgeni asiyekuwa na haraka, na akiwa amesoma kidogo kabla ya kuja watamweleza mengi zaidi.

Mwanzisha uzi

Mjukuu wa Kivinje, nakushukuru, na hoja ya wale 20 naichukua kama ilivyo. Naongeza mfano unaoelekea huko huko: dhahabu ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa kwa vitisho mwaka 1502 ilifuliwa kuwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na chombo hicho kinaonyeshwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Kwa hiyo wenzetu walioko Ulaya ambao hawatafika Kilwa mwaka huu wanaweza kukitazama kipande cha Kilwa huko waliko.

Kuna aliyeniandikia pembeni akitaka nipange siku zenyewe, basi nazipanga hapa kwa faida ya wote. Fuata tarehe za mwezi mwandamo. Fika Masoko tarehe 2 au 16, bamvua ikiwa bado ipo, na umtume mtu akuwekee pweza. Kesho yake asubuhi maji yatakuwa yamekupwa: nenda Kivinje, uirudie jioni ukiweza, au tembea miambani na anayeijua miamba, ukiwa na viatu vigumu kwa ajili ya viumbe wa miambani wenye miiba. Tarehe 5 au 19 vukeni Kisiwani mapema, jua halijawa kali na maji yakiwa bado juu, mkitoa siku nzima na chakula mlichokiagiza kijijini. Tarehe 7 au 21 maji yatajaa saa tatu au nne asubuhi: hiyo ndiyo siku ya Songo Mnara. Ondokeni Masoko yanapoanza kujaa, mpate muda wa kutosha kwenye nyumba zile za karne ya 14 na ya 15, ambazo bado zina milango yenye matao na vidaka ukutani, na mkubaliane na nahodha saa ya kuondoka kabla hamjashuka chomboni. Akisema upepo haufai, msibishane naye bei; ahirisheni mpaka kesho yake, ndiyo maana nilisema siku sita au saba.